Wenye nyumba Mwanza, zibeni mabomba na mfunike chemba. Sumu ya panya tumechoka kununua!

Wakuu, heshima kwenu.

Mwenye nyumba ananiambia nunua sumu. Mjumbe anasema fugeni paka. Jirani naye anadai ni uchafu wetu, eti tunalaza vyombo. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia panya anapoingilia! Anatoka kwenye majitaka, anapanda bomba, anatokezea jikoni kwangu. Vyombo nioshe nisioshe, atakuja tu.

Naishi nyumba ya kupanga upande wa bonde la Mto Mirongo. Mwenye nyumba alipokata vyumba ili aongeze wapangaji, choo cha ndani kilihamishwa. Bomba la zamani la inchi 4 likaachwa chini mdomo wazi, juu yake kikapachikwa kigae. Zege hakuna. Palepale pakajengwa kabati la sinki, nikaambiwa hilo ni jiko la kisasa, na kodi ikapanda. Aliyeligundua hilo bomba ni fundi niliyemleta kwa hela yangu. Alifuata mavi mabichi na ile michirizi myeusi ya mafuta ambayo panya anaipaka ukutani akipita njia moja kila siku. Akafika chini ya kabati, akagonga kigae, kikalia kitupu.

Nje ndiyo balaa. Mfuniko wa chuma wa chemba uliibwa, bila shaka ulishauzwa chuma chakavu, na mahali pake pamewekwa bati na jiwe. Mvua za masika zikishuka kutoka milimani maji yanajaa mle ndani, na panya hawezi kukaa akasubiri azame. Anapanda juu, kwenye nyumba za watu. Na wale mnaotapisha vyoo mvua ikinyesha, kinyesi kinakwenda mtoni na mto unakwenda ziwani, maji tunayokunywa sote. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Kuna mtu atakuja kusema maji yaliyotuama kwenye goti la choo yanamzuia. Mkuu, yale yanazuia harufu. Panya wa mferejini ni mwogeleaji, anabana pumzi na kupita chini ya maji bila shida. Na tundu la upana wa kidole gumba linamtosha, kichwa kikishapenya mwili unafuata.

Sumu sasa. Nimenunua za dukani, nimenunua na za wale wanaopita na spika, "panya, mende, kunguni", vipakiti visivyo hata na maandishi. Panya akafia ndani ya ukuta, tukalala na uvundo. Kuku wa jirani akaokota mzoga, ikawa kesi. Wiki haikuisha, wengine wakaja, maana mlango bado uko wazi. Jike anabeba mimba wiki tatu tu na anazaa kundi. Utawapa sumu mpaka lini?

Na hili si suala la kutafuniwa dagaa peke yake. Mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu Ruangwa kule Lindi, na tulielezwa wazi kwamba inaenezwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo. Mimi nina mtoto anayetambaa kwenye hiyo sakafu. (Morogoro wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na TB. Wa kwetu wamejifundisha wenyewe kunusa dagaa wa soko la Mwaloni.)

Ninachodai hakihitaji mhandisi. Bomba lililoachwa lijazwe zege kuanzia kule chemba, si kusokomezewa matambara. Chemba ipate mfuniko wa zege wenye nondo, ambao mwizi hana wa kumuuzia. Pale bomba linapotoboa ukuta, stilwaya ya kusugulia masufuria ishindiliwe kisha ikandikwe saruji, kwa sababu povu na plastiki panya anatafuna akiburudika. Bafuni chujio la chuma lililofungwa kwa skrubu. Kodi ya mwezi mmoja inamaliza kazi yote na chenji inabaki, lakini nikimpigia mwenye nyumba yuko safarini. Tarehe ya kodi ikifika, yuko mlangoni asubuhi.

Nasikia kuna kilango cha chuma kinachofungwa ndani ya bomba, kinafunguka kuruhusu majitaka kutoka na kinamgomea panya anayepanda. Aliyewahi kukiona duka lolote hapa Mwanza aniambie mtaa na bei, nitakifunga na kukata kwenye kodi, tuone atasema nini. Wa "fuga paka" pita kushoto.