Wazee wawili wa jina moja kwenye sensa ya 1830: nitamtambuaje wa kwetu?

MamaZuwena

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kusaka nasaba kwenye makaratasi ya zamani ya Marekani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Indiana. Mama mkwe wangu ana miaka 84, na tangu mwaka jana ameniomba jambo moja tu: nimtafutie ukoo wa baba yake kabla macho hayajamwisha kabisa. Nimelibeba kama deni.

Ukoo wao ni wa watu weusi waliokuwa huru tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walihama North Carolina wakaja kufyeka msitu Hamilton County, kaskazini ya Indianapolis, eneo la Roberts Settlement lililoanza 1835. Hilo lilinipa moyo, maana mtu huru aliandikwa kwa jina lake.

Kwenye sensa ya 1850 nimempata mzee wetu: miaka 58, mkulima, mzaliwa wa North Carolina, ana ardhi ya dola 900. Mkewe miaka 51. Watoto sita, mkubwa ana 24 na kazaliwa North Carolina, kitinda mimba ana 13 na kazaliwa Indiana. Nilimsomea mama mkwe majina ya wale watoto mmoja mmoja. Nilipofika wa nne akanishika mkono, akaniambia nirudie. Huyo ndiye baba wa babu yake.

Shida inaanzia hapo. Sensa ya 1840 na zote za nyuma yake ziliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki ni tarakimu tu kwenye safu za umri. Nimeenda 1830, Northampton County, North Carolina, nikakuta wanaume wawili wenye jina lile lile, wote weusi walio huru, kila mmoja kwake kuna mwanamume mmoja wa safu ya 36 hadi 55 na mwanamke mmoja wa 24 hadi 36. Kati yao kuna kurasa tatu tu. Mmoja ana "Junior" baada ya jina. Je, ni baba na mwana? Yupi wa kwetu? Jina la ukoo naomba nilihifadhi.

Karani_Mstaafu

Dada, hongera kwa kazi ya heshima.

Kwanza hilo la "Junior" lisikuyumbishe. Enzi zile halikumaanisha lazima mtoto wa mwenzake. Wakiwepo wawili wa jina moja kwenye eneo moja, mkubwa kwa umri aliitwa "Senior" na mdogo "Junior", hata kama ni mtu na ami yake, hata kama hawana udugu. Mkubwa akifa au akihama, mdogo anaweza kupanda akawa "Senior". Wengi wamejenga mti wa ukoo mzima juu ya kineno hicho, na mti ukaanguka.

Pili, sensa iweke pembeni kidogo, imeshakupa ilichonacho. Nenda kwenye ardhi. Indiana ilikuwa ardhi ya serikali kuu, iliyopimwa kwa miraba kufuatana na sheria ya 1785: mraba wa maili 6 kwa 6, ndani yake vipande 36, kila kipande ekari 640. Mzee wenu alinunua serikalini kwa dola 1.25 kwa ekari, na kuanzia 1832 mtu aliweza kununua hata ekari 40 tu. Hati hizo za kwanza zimewekwa mtandaoni na Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, hulipi hata senti. Usitosheke na muhtasari, fungua picha ya hati yenyewe usome mstari unaoanza na jina la mnunuzi, kwa sababu hapo waliandika alikuwa mkazi wa wapi siku anatoa fedha. Ukikuta Northampton County, umeshapata daraja.

Binti wa Pangani

Mie nauliza tu, wale wawili wa 1830 umewatafuta North Carolina mwaka 1840? Aliyebaki kule si wenu.

Kijana wa Mwembeni

Dada, jihadhari na miti ya ukoo ambayo watu wameshaipandisha mtandaoni. Mimi nilikuwa namsaidia shemeji yangu, tukakuta mti mmoja mzuri, una picha na kila kitu, unaenda mpaka miaka ya 1700. Tukaunakili wote. Baada ya miezi minane nikagundua mama katika mti ule amezaa mtoto akiwa na miaka 7. Watu 40 walikuwa wamenakiliana lile kosa, hakuna aliyefungua hati. Niliumia, kwa sababu shemeji alishawatangazia nduguze.

Halafu umri wa sensa nao uupe nafasi ya kuteleza. Karani wa sensa aliandika alichoambiwa na aliyemkuta mlangoni, pengine mtoto, pengine jirani.

MamaZuwena

Nimerudi, wapendwa. Hati nimeiona! Ekari 80, na mstari aliousema Karani unasomeka "wa Rush County, Indiana". Nilitegemea Northampton, nikaishiwa nguvu. Binti wa Pangani, swali lako limenifaa sana: 1840 yule "Junior" yuko kule kule Northampton, mwingine hayupo. Naogopa kufurahi, kwa sababu asiyeonekana huenda amekufa, si lazima awe amehama.

Karani_Mstaafu

Usiishiwe nguvu, Rush County inakusaidia. Beech Settlement, makazi mengine ya watu weusi huru, ipo huko, na waanzilishi wa Roberts Settlement wengi walipitia hapo kabla ya kusogea kaskazini. Walikuwa wanatoka kwenye nchi inayowabana: mwaka 1835 North Carolina iliwanyang'anya watu weusi huru haki ya kupiga kura. Indiana nayo haikuwapokea kwa mikono miwili, tangu 1831 ilimtaka kila mtu mweusi anayehamia aweke dhamana ya dola 500. Kwa hiyo uliza pia kama vitabu vya dhamana vya Rush vimesalia, pamoja na rejista za watu weusi zilizoandikwa baada ya katiba ya 1851.

Hofu yako ya aliyekufa na aliyehama ni ya haki, na dawa yake ni hii: mtafute North Carolina BAADA ya kuondoka. Mtu akihama huacha urithi nyuma. Baba akifa, watoto hugawana shamba, na yule aliye mbali huuza fungu lake kwa ndugu au jirani. Kwenye hati ya mauzo ataandikwa "fulani wa Hamilton County, Indiana". Hati moja ya namna hiyo inamaliza ubishi wote.

Fungua faharasa ya wauzaji ya Northampton kuanzia 1835 hadi 1855. FamilySearch, tovuti ya kusaka nasaba, wana picha za vitabu vya hati bure, na siku hizi wameweka njia ya kutafuta neno lolote ndani ya maandishi ya mkono. Tafuta jina la mzee pamoja na neno "Indiana".

North Carolina hawakupima miraba. Mpaka wao ni kama wa mashamba yetu ya zamani: kutoka mwembe wa fulani hadi kijito. Utakuta "kuanzia mwaloni mwekundu, kusini fito 62 hadi msonobari kwenye kona ya fulani", na ufito mmoja ni futi 16 na nusu. Wenye hizo kona waandike wote. Waandike na mashahidi, na walioshika mnyororo wa kupimia, mara nyingi ni ndugu au wakwe. Kama mke alitia saini, alihojiwa faraghani bila mumewe kuthibitisha hakulazimishwa, na jina lake litakuwepo. Sensa ya 1830 isingekupa jina hilo kamwe.

Chausiku D

Nasoma huu uzi machozi yananilenga. Upande wa mume wangu wote walikuwa watumwa Mississippi. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja. Kwenye orodha za watumwa za 1850 na 1860 ni umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Namtafuta bibi mmoja kwenye mirathi za hao mabwana, akiwa ameorodheshwa baina ya ng'ombe na vyombo. Mama Zuwena, shika sana hiyo bahati ya jina.

MamaZuwena

Dada Chausiku, pole na nakuombea umpate.

Nimepata. Hati ya 1844, kitabu cha Northampton. "Wa Hamilton County, katika jimbo la Indiana", anauza fungu lake, moja ya mafungu sita, katika shamba la marehemu baba yao. Mnunuzi ni mtu yule yule ambaye sensa ya 1830 imemweka mstari mmoja chini ya yule asiye "Junior". Mke ametajwa, na jina ni lile la 1850. Mwisho wa karatasi mzee ameweka alama ya X, na karani wa 1844 alipoinakili ameichora kubwa, imeegemea kushoto. Mama mkwe ameipitishia kidole kwenye skrini mara kadhaa. Ameniambia nimchapie ukurasa huo peke yake, mkubwa, auweke ndani ya Biblia.

Sasa jina la baba tunalo, na kaya yake naiona kwenye sensa ya 1790, safu ya "watu wengine wote walio huru": 5. Karani, nyuma ya hapo naendaje?

Karani_Mstaafu

Alhamdulillahi. Tafuta hati alizonunua huyo baba, maana shamba halikushuka toka mbinguni, kuna aliyemuuzia au aliyemrithisha. Tazama dhamana za ndoa na maamuzi ya mahakama ya kaunti, hasa watoto wa watu huru waliofungwa uanagenzi, mama zao hutajwa. Ukifika nyuma ya 1741 hamia vitabu vya Bertie County, kwa sababu Northampton ilimegwa huko mwaka huo na vitabu havikuhamishwa.

MamaZuwena

Ahsante sana, baba. Jumatatu napiga simu ofisi ya hati kule Jackson, makao makuu ya Northampton, kuulizia nakala. Mama mkwe anasema atakaa pembeni yangu asikie wanavyojibu.