Baba aliomba msamaha siku za mwisho, ameokoka?

Wapendwa, baba hakukanyaga kanisani miaka 30. Siku mbili kabla ya kufa alinishika kidole akasema, "Mwambie Mungu anisamehe." Nikaitikia amina tu, sikujua la kuongeza. Ubatizo hakupata. Je, mbinguni ataingia?

Jibu: Pole sana. Soma Luka 23:43. Yule mhalifu msalabani, aliyeahidiwa paradiso na Yesu, naye hakushuka kwenda kubatizwa.

Jibu: Tusirahisishe. Mathayo 7:21, si kila asemaye "Bwana, Bwana" atakayeingia mbinguni.

Jibu: Ndugu, aya hiyo inawasema waliojisifia unabii na miujiza. Huyu mzee alijisifia nini? Waefeso 2:8, tunaokolewa kwa neema.

Muulizaji: Asanteni. Kidole chenyewe alikibana mpaka kikafa ganzi.