Rola au turbo kwa nyumba ya kupanga, orofa ya tatu Roysambu?

Pedali_Roysambu

Wadau, habari za jioni. Nafanya kazi mjini na nikifika nyumbani ni saa moja usiku, giza limeshaingia. Thika Road saa hizo siitaki. Ile njia ya kando ina matatu zinazosimama popote na bodaboda wanaokuja wakikukabili, na mashimo huyaoni mpaka gurudumu liwe ndani. Asubuhi nayo nakuwa kwenye gari kabla jua halijatoka. Basi naendesha Jumapili tu, Karura au kuelekea Ruiru, na kila Jumapili miguu inaanza upya.

Nataka mazoezi ya ndani, ama kwa rola (mapipa unayoendeshea baiskeli juu yake) ama kwa turbo (stendi inayoishika baiskeli kwa nyuma na kutia uzito kwenye pedali). Baiskeli yangu ni ya barabarani, ya mtumba, fremu ya alumini, matairi membamba ya 700. Rola au turbo? Rola naogopa nitaangukia TV. Turbo za kisasa nimeona bei nikafunga simu. Sebule ni ndogo, chini yangu anaishi mama wa kanisa anayelala mapema, na stima ya mtaa wetu mnaijua.

GiaYaKwanza

Turbo bila kuwaza mara mbili. Ile unayotoa gurudumu la nyuma, unafunga cheni juu yake, unaunganisha na Zwift, ile programu ya kushindana baiskeli mtandaoni, kazi imeisha. Rola ni za wazee.

Guka_wa_Kikuyu

Mzee anayesemwa hapo juu ni mimi, kwa hiyo mtaniruhusu niseme kwa urefu. Ninavyo vyote viwili, rola na turbo ya sumaku.

Kaka, anza na shida yako yenyewe. Ulaya mtu anaingia ndani kwa sababu ya baridi na barafu, miezi mfululizo, kwa hiyo anatafuta mashine ya kumfanya asahau kwamba yuko ndani. Sisi tuko karibu na ikweta: jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama karibu saa hiyohiyo jioni, Januari mpaka Desemba. Giza lako halina msimu, lakini Jumapili yako pia haina barafu. Unachohitaji ni dakika arobaini za nguvu, jioni mbili tatu za wiki. Kwa kazi hiyo turbo ya kawaida inatosha, na sioni sababu ya mtu kukopa kwa ajili ya jasho.

Chukua ile inayobana ekseli ya nyuma na kuegemeza tairi kwenye rola moja ndogo. Zipo za aina tatu. Ya upepo ina mapanga yanayosukuma hewa. Inavuma kama kinu cha posho, na huyo mama wa kanisa atahama. Ya mafuta ni tulivu, na inakuwa nzito yenyewe kadiri unavyoongeza kasi. Ya sumaku iko katikati kwa kelele, mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, na uzito unauongeza kwa kitasa au kwa gia zako mwenyewe. Hizi zote hazihitaji stima. Ikipotea, wewe unaendelea kupiga pedali gizani. Zile za kisasa zinahitaji umeme ili kompyuta ibadilishe uzito, na Zwift inahitaji intaneti juu yake.

Ndugu yangu GiaYaKwanza nikuongezee jambo, kwa kuwa naona mnashindana humo na watu wa London. Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru imepita 2,000. Hewa nyepesi inakupunguzia wati, yaani nguvu ya miguu, unazoweza kushikilia. Nje barabarani unarudishiwa kidogo, kwa sababu hewa hiyohiyo inakuzuia kidogo ukiwa kasi. Programu hairudishi chochote. Inahesabu wati zako kana kwamba uko Mombasa. Ukishindwa na mtu wa pwani ya Uholanzi usiuze baiskeli.

Kuhusu rola. Ni mapipa matatu: mawili chini ya gurudumu la nyuma, moja chini ya la mbele, na mkanda wa kulizungusha hilo la mbele. Hakuna kinachokushika. Ndiyo maana nazipenda, kwa sababu pedali ikipigwa kwa mshtuko baiskeli inakwambia papo hapo. Ziweke katikati ya mlango wa chumba cha kulala. Ukiyumba, bega linagusa fremu ya mlango na TV inabaki salama. Pipa la mbele likae mbele kidogo ya kitovu cha gurudumu la mbele. Weka gia ya wastani na uende kasi kiasi, maana polepole ndiko kunakoangusha, na macho yatazame mita kadhaa mbele. Ukitazama gurudumu utalifuata. Ila kwa mazoezi mazito rola nyingi ni nyepesi mno, kwa hiyo wewe anza na turbo.

Kuna mafundi wa jua kali wanaotengeneza rola za bomba la PVC na beringi. Wazo zuri, lakini bomba hilo si duara kamili, na kwa kasi linatikisa jengo zima. Kama fundi hajalipitisha kwenye leith, ile mashine ya kuchonga vitu viwe duara, mshukuru uende zako.

Feni nunua kabla ya kitu kingine chochote. Nje upepo unakupoza bila wewe kujua. Ndani joto linabaki mwilini, mapigo ya moyo yanapanda ilhali nguvu ni ileile, na unadhani umechoka kumbe unaiva. Stima ikienda, sogea kwenye mlango wa balkoni. Taulo juu ya usukani pia, kwa sababu chumvi ya jasho inakula bolti.

Pedali_Roysambu

Asante sana Guka. Sasa mama wa chini?

Mama_Pacha_Donholm

Hapo nisikilize mimi, nimeishi juu ya mwalimu mstaafu. Mvumo wa tairi ni wako wewe na majirani wa ukutani. Kinachomfikia wa chini ni mtetemo unaopita kwenye zege. Usiweke katikati ya sebule, kwa sababu hapo sakafu ndipo inapotikisika zaidi. Sogea kando ya ukuta au nguzo. Chini weka mikeka ya mpira ya gari, juu yake plaiwudi nzito, halafu turbo. Godoro usijaribu, baiskeli itayumba. Kisha mwombe rafiki apande, wewe ushuke kwa huyo mama na chai, msikilize pamoja. Akijua ni nini na kinaisha saa ngapi, hatamwita keateka.

Na kama kuna mtoto ndani ya nyumba, funga mlango. Gurudumu linaendelea kuzunguka hata umeacha pedali, na kidole kidogo hakijui spoku ni nini. Kwangu ndiyo sheria ya kwanza, hata kabla ya feni, Guka anisamehe.

Guka_wa_Kikuyu

Umesamehewa, na una haki.

Pedali_Roysambu

Nimepata ya sumaku, mtumba, muuzaji yuko Kasarani. Naangalia nini nikifika?

Guka_wa_Kikuyu

Nenda na baiskeli. Zungusha ile rola ndogo kwa mkono. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Badilisha uzito kutoka mwanzo hadi mwisho uone kama kweli unabadilika. Pampu tairi kama unaenda barabarani, kaza kitasa mpaka rola iguse, kisha mizunguko miwili hivi zaidi. Ukisukuma kwa nguvu na tairi likateleza, ongeza nusu. Tairi litalika, kwa hiyo nyuma funga lile kuukuu. Na uliza ekseli ya chuma inayokuja na turbo, maana ile nyepesi ya baiskeli yako haikutengenezwa kubanwa hivyo. Akisema imepotea, mshushe bei.