Naomba ushauri: kupanda napanda, kuteremka ndiyo shida

Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nina mashindano ya siku tatu ya baiskeli, na ninaombeni ushauri kuhusu mteremko. Mlimani sina wasiwasi, nabaki na wale wa mbele. Kilele kikishapita tu, wananipita mmoja mmoja kama nimesimama.

Jumapili nilishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu. Nilishika breki muda wote mpaka vidole vikafa ganzi, lori linanguruma nyuma yangu. Kila kona naangalia ukingo wa barabara, na baiskeli inaelekea huko huko ninakoangalia!

Najua mteremko unaamua mashindano. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa hapa Nairobi, kwenye Tour de France ya 2016 aliwachomoka wenzake kileleni Peyresourde, mlima wa Ufaransa, akateremka amekalia bomba la fremu, akashinda hatua ya siku hiyo kwa sekunde 13 na kuvaa jezi ya njano ya kiongozi. (Mkao ule UCI, shirikisho la baiskeli duniani, waliupiga marufuku 2021, kwa hiyo msinishauri huo.) Mwaka huo huo wa 2016 kwenye Giro, mashindano makubwa ya Italia, Mholanzi Kruijswijk alikuwa anaongoza kwa dakika tatu, akagonga ukuta wa theluji akishuka mlima Colle dell'Agnello. Jezi ya waridi, ya kiongozi wa Giro, ikaishia kwa Mwitaliano Nibali, fundi wa kuteremka.

Sasa wenye uzoefu: breki nimalize kabla ya kuingia kona, au niendelee kugusa kidogo ndani? Upepo wa matairi nipunguze kiasi gani, nina kilo 68? Na huu woga, mliutoaje? Nilianguka mwaka juzi, kiwiko bado kina kovu.