Wauza tairi, mpira wa miaka minane mnauitaje "mpya"? Nusura tufie Soni

Wakuu, 4116.

Hiyo ndiyo namba niliyoikuta ubavuni mwa tairi niliyouziwa kama mpya mwezi wa pili mwaka 2025. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 41, mwaka 2016. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo anasoma shule ya msingi sasa hivi, halafu mtu mzima mwenye duka ananitazama usoni na kuniambia "mzigo umeingia juzi, bosi".

Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004. Siendi nayo kazini, kazini napanda mwendokasi. Hii naitoa Jumamosi alfajiri, naenda Bagamoyo, narudi kabla jua halijawa kali, na mara mbili tatu kwa mwaka naipeleka mbali. Haifikishi kilomita elfu tano kwa mwaka. Niliweka pesa miaka sita kuipata. Nayasema haya mapema ili asije mtu kuniandikia hapa chini kwamba tairi ni tairi. Nimeambiwa hivyo kwenye maduka manne mfululizo, na neno hilo limeniuma kuliko pesa niliyopoteza.

Saizi yangu ni 225/45R17, iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Duka la kwanza walinitolea mtumba wa Japani, kashata (yale meno ya mpira yanayogusa barabara) zimejaa kabisa, bei nzuri. Nikazungusha tairi taratibu nikaona neno STUDLESS limechongwa ubavuni, na kila kashata imekatwakatwa vimistari vyembamba kama mkate uliochanjwa. Hiyo ni tairi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini hata kukiwa na baridi ya kuganda. Ukiuleta kwenye lami ya Dar yenye jua la mwezi wa pili unalegea, kashata zinayumba, na gari inakata kona kama imekanyaga matope. Nilipomwambia kijana akanijibu, "Hiyo ndiyo ngumu zaidi kaka, inatembea hadi kwenye barafu." Hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Lakini ndiye anayeuza, na kesho atamuuzia mama mwenye Toyota IST aliyebeba watoto watatu.

Duka jingine walitaka kunipa 225/50R17. "Inaingia." Kweli inaingia. Ila ukipiga hesabu, tairi yangu ina kipenyo cha milimita 634 hivi na hiyo yao ina karibu 657. Spidimita ikisema 100, wewe uko 103 na nusu, gari imepanda juu, ubavu umekuwa mrefu na laini, na kona inachelewa kujibu. Mwingine akashauri ninunue mbili tu za mbele, "za nyuma bado zina kashata". Kwenye Subaru! Gari hii inasukuma magurudumu yote manne, na katikati ina difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka mbele tairi kubwa na nyuma zilizolika, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka, inachemka, inakufa. Jamaa yangu wa Tabata ana Forester ya tabo. Alifuata ushauri kama huo, na ndani ya miezi michache gari ikaanza kukaza na kugonga kila anapokata kona ya kuegesha. Alipokuja kufungua giaboksi, bili ilizidi bei ya tairi nane mpya.

Kwa hiyo msidhani nilienda kichwa kichwa. Nilijua ninachotaka: nne zinazofanana, mpya, alama ya 91W. Hiyo 91 ni mzigo, kilo 615 kwa kila tairi. W ni spidi, 270 kwa saa. Na hapa kuna swali nililochoka kuulizwa: "Utakimbia wapi 270, na tochi zile za trafiki za kupima spidi kule Msata?" Sikimbii 270, wakuu. Nikipita kijijini ni 50 kama kibao kinavyosema. Ile herufi haisemi spidi peke yake. Tairi ya W imejengwa ivumilie joto kubwa, na mara nyingi ubavu wake ni mgumu zaidi. Ya H, ambayo mwisho wake ni 210, inaweza kukutosha kabisa kwenye gari ya kwenda sokoni. Kwenye gari ya nguvu farasi 280, unaposhuka mlima huku unashika breki na kukata kona kwa pamoja, tofauti unaisikia mikononi.

Duka la nne, mitaa ya Gerezani, mzee akasema anazo. Laki mbili na themanini kila moja, jumla milioni moja na laki moja na ishirini. Akanionyesha moja imezungushiwa nailoni, vinyweleo vya mpira bado vinachomoza, inang'aa. Nikauliza tarehe, akasema nitaiona zikishafungwa. Nikaenda kwa wakala kutoa hela. Kurudi, vijana wameshafunga tatu. Nikainama kutafuta namba, nikaona DOT na herufi kadhaa, namba nne za tarehe hakuna. Mzee akasema tairi za nje siku hizi haziandikwi mwaka. Ni uongo, wakuu, na nilikuja kuujua baadaye kwa gharama. Tarehe kamili inaruhusiwa kuchongwa ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili unabaki na DOT fupi isiyo na tarehe. Zangu tarehe ilikuwa upande wa ndani, unaoangalia chini ya gari, mahali ambapo mteja hawezi kuona labda alale chali barabarani.

Pasaka nikampeleka mke wangu Lushoto. Mnaoijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto mnajua kwa nini mtu ananunua gari kama hii. Kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, mlima huku, bonde kule. Kupanda ilikuwa lami kavu, na nikahisi gari nzito usukani, ila nikajiambia tairi bado hazijazoea. Usiku mvua ikanyesha. Jumatatu tunashuka, manyunyu, niko kwenye hamsini hivi, gia ya tatu, karibu na Soni. Nikakata usukani kuingia kona ya kushoto na gari haikuingia. Iliendelea kwenda mbele. Nikakanyaga breki, kanyagio likaanza kunigonga mguuni tatatata kama ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame, inavyofanya, na gari inateleza tu, kimya, bila hata mlio wa tairi. Mke wangu alishika mkono wangu na dashibodi kwa pamoja, hakusema kitu. Tukasimama gurudumu moja la mbele liko kwenye kokoto, hatua mbili kutoka kwenye kalavati.

Nilishuka mikono inatetemeka. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, nikafuta tope kwa kidole gumba, na neno la kwanza nililosoma ni INSIDE. Limetazama nje. Tairi hizi zina upande wa ndani na upande wa nje, michoro yake haifanani, na fundi alikuwa ameifunga hii moja kinyume. Pembeni ya neno hilo, wazi kabisa: 4116. Kosa la fundi ndilo lililonionyesha tarehe. Kama angeifunga sawa ningekuwa bado natembelea mpira huo hadi leo, nikimlaumu Subaru.

Tulirudi Dar polepole, magari yote yanatupita. Kesho yake nikafungua zote nne. Mbili ni 4116, mbili ni 2318. Kati ya kashata, ukizikunjua kwa vidole, kuna nyufa nyembamba kama unywele. Ukikandamiza ukucha hauingii kabisa, ni kama unakandamiza ndoo ya plastiki. Na kwenye TREADWEAR imeandikwa 560.

Hapo kwenye 560 naomba mnisikilize vizuri, maana ni kosa langu na linaweza kuwa la wengi. Namba hiyo inapima tairi inalika haraka kiasi gani, ikilinganishwa na tairi ya kipimo yenye 100. Ikiwa kubwa, tairi inadumu. Dereva wa teksi ya mtandao anaihitaji, anapiga kilomita mia mbili kwa siku. Mimi napiga elfu tano kwa mwaka, ya nini 560? Sitazimaliza kashata maishani. Zitazeeka kabla hazijalika. Gari ya starehe inataka mpira laini unaoshika, wa 200, 300, 340 hapo, uishe kwa kutumika ukiwa bado mbichi. Tairi za aina hiyo zipo duniani, Michelin Pilot Sport, Yokohama Advan, Bridgestone Potenza, si vitu vya kufikirika. Lakini ukiwauliza wauzaji wetu wanakutajia sifa moja tu: "hii haiishi". Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro yake.

Na tairi kulala bila kutembea ni kubaya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya mpira wanaweka nta inayotoka juu taratibu kuukinga na hewa na jua, na inatoka vizuri tairi inapozunguka na kujikunja. Tairi iliyosimama stoo chini ya bati la Gerezani miaka minane, au ya gari iliyolala uani muda mrefu, haipati kinga hiyo vizuri. Mpira unakauka kutoka nje kwenda ndani. Vinyweleo vitabaki, kung'aa kutabaki, mshiko umeondoka. Sina ugomvi na tairi iliyokaa gizani, mahali pa baridi, mwaka mmoja au hata miwili. Lakini Michelin wenyewe wanashauri tairi yoyote iliyofikisha miaka 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inaonekana nzima, pamoja na spea. Maana yake nililipa bei ya tairi mpya kwa kitu kilichobakiwa na mwaka mmoja na miezi minane, kama kingefika huko.

Nikarudi dukani na tairi zote nne kwenye Noah ya jirani. Mzee akanikaribisha kiti. Nikamwonyesha namba. Akavaa miwani, akasoma, akasema, "Sasa bosi wangu, tairi ikishafungwa imeshakuwa mtumba, mimi nitamuuzia nani?" Nikamwambia hiyo ilikuwa mtumba kabla sijazaa mtoto wangu wa pili. Akasema yeye pia kauziwa hivyo hivyo na mwenye kontena. Nikaomba risiti, maana nilipewa kikaratasi cha mkono kimeandikwa "tairi 4", hakuna saizi, hakuna jina la tairi, hakuna tarehe. Akasema mashine ya risiti, EFD, ina hitilafu.

Na nikiwa nimekaa pale nikaziona tairi zangu za zamani. Zile nilizoziacha siku ile wakaniambia watanisaidia kuzitupa, zilikuwa vipara upande wa ndani. Mbili zimeegemezwa ukutani, zimepakwa rangi nyeusi, na zimechongwa kashata upya kwa kisu cha moto. Nilizitambua kwa kiraka cha pancha nilichozibiwa mwenyewe Kibaha. Mpira wenyewe ulishaisha, kwa hiyo kisu kinachonga kuelekea kwenye nyuzi za tairi. Mtu atazifunga hizo, atabeba familia yake, ataingia Chalinze na mvua ya masika. Nilipiga kelele pale hadi majirani wakaja, na sioni aibu kusema hivyo. Walinitoa kwa heshima, pesa sikupewa.

Msinitake nitaje duka. Nimepita maduka manne na hakuna hata moja lililonitajia tarehe bila kuuliza, kwa hiyo kulitaja moja ni kuwapa matatu cheti cha usafi ambacho hawastahili. Ninachodai ni kidogo sana: tairi ionyeshwe pande zote mbili kabla ya kugusa rimu, na risiti iandikwe saizi, alama ya mzigo na spidi, na zile namba nne. Ni mstari mmoja wa kalamu. Anayekataa kuuandika anajua kwa nini anakataa.

Sasa hivi gari iko juu ya mawe uani, nimeifunika turubai. Natafuta 225/45R17, nne zinazofanana, 91W kwenda juu, zisiwe za theluji, treadwear isizidi 340, zimetengenezwa 2024 au baadaye. Niko tayari kuongeza pesa, na kama ziko Arusha, Mwanza au Nairobi nitazifuata. Mwenye nazo anitumie picha. Picha ya kashata siitaki. Nitumie picha ya ubavu wenye zile namba nne, tairi ikiwa bado haijafungwa.