Nimefaulu mara tatu na cheo sijapanda, mtihani wa LS unaniangusha wapi? Naombeni ushauri

Binti_Stoo (Juni 2018)
Habari zenu wakuu, hasa mliopo au mliopita jeshi la majini la Marekani. Mimi Mtanzania, niliingia na green kadi, kada yangu LS (watu wa stoo na posta), cheo E-4, cha nne kutoka chini, nipo melini hapa Norfolk. Majibu ya mtihani wa Machi yametoka na kwa mara ya tatu nimeandikiwa PNA, yani umefaulu ila nafasi zimejaa, wamepanda wenye pointi kukuzidi.

Kinachoniuma ni kwamba kazi naijua. Uniamshe usiku wa manane uniambie filta ya pampu fulani, naenda gizani naishika. Fomu ya 1348, ile ya kutolea na kupokelea mzigo, naisoma huku natembea. Halafu naingia kwenye mtihani nakutana na barua za rejista, mihuri, money oda, mambo ya posta ambayo tangu nizaliwe sijayagusa, stempu yenyewe sijawahi kuuza hata moja! Dogo niliyemfundisha mimi mwenyewe kupokea mzigo kapanda. Nimempongeza kwa moyo wote ila nilivyorudi kitandani nikavuta pazia nikalia.

Sasa nasomaje kitu ambacho sikifanyi? Na kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anasema ana maswali ya mitihani iliyopita, nichukue? Mume wangu anaona bora nibadilishe kada.

Mzee_wa_Gati
Pole mdogo wangu. Mimi nimestaafu, nilianza kama SK, mtu wa stoo. Kabla ya Oktoba 2009 stoo ilikuwa kada yake, SK, na posta kada yake, PC, ndo wakaziunganisha zikawa LS. Kwa hiyo leo uko stoo lakini kesho wanaweza kukupeleka kituo cha ng'ambo ukabidhiwe ofisi ya posta na funguo zake, ndo maana wanakuuliza.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Maswali yanaandikwa na machifu wa kada hiyohiyo, wanaitwa kule Pensacola, Florida, na kila swali lazima liwe na kitabu lilikotoka. Mtihani haukuulizi melini kwenu mnafanyaje, unauliza kitabu kinasemaje, kwa sababu ni mtihani mmoja kwa LS wote wa cheo chako, aliyeko kwenye manuwari kubwa na aliyeko kwenye ghala nchi kavu. Mimi nilikwama kama wewe. Kuna karatasi stoo kwetu tulikuwa tunasaini mwisho baada ya kumkabidhi mtu mzigo, tumezoea hivyo, swali likaja nikajibu kwa mazoea, kumbe P-485, kitabu cha taratibu za stoo, inasema vingine. Nilipoanza kusoma kitabu huku najiuliza "hapa sisi tunafanya tofauti wapi" ndipo pointi zikaanza kupanda.

Karatasi ya profaili unayo? Ile inayoonyesha kila sehemu umepata ngapi na umewazidi wangapi. Iangalie kabla hujagusa kitabu chochote.

Nyar_San_Diego
Dada hiyo ya WhatsApp achana nayo kabisa kabisa, na utoke kwa hiyo grupu leo. Kama ni maswali ya ukweli, kuwa nayo tu kwa simu ni kosa, ni kesi ya kijeshi, na kama uraia uliupata kupitia jeshi ukitolewa vibaya kabla miaka mitano kuisha wanaweza kukunyang'anya. Kama ni ya uongo basi unakariri takataka. BIB, ile orodha ya vitabu vya mtihani, si ya siri, inawekwa wazi kila msimu, inakuambia vitabu gani na mada gani. Iprinti, ubandike ndani ya mlango wa loka yako.

Kaka_Ughaibuni
Mimi naona huu mtihani ungefutwa tu. Mtu anafanya kazi mwaka mzima bosi anamuona, halafu masaa matatu ya kuchagua majibu ndo yaamue? Bosi ndo anamjua mtu wake.

Mzee_wa_Gati
Kaka nakuelewa ila kwa hilo hapana. Bosi tayari anatoa maksi kwenye tathmini na zinahesabiwa. Mimi nimeshapata bosi aliyekuwa haelewi nikiongea, kila kikao ananiambia rudia rudia, na tathmini zangu zikawa za katikati tu. Kilichonitoa ni mtihani, maana ile karatasi ya majibu haikusikia lafudhi yangu. Mgeni ukiondolewa mtihani unabaki mikononi mwa mtu mmoja.

Msomi_Dom
Dada una elimu yoyote ya chuo? Digrii inaongeza pointi 4, ile ya miaka miwili pointi 2, na medali ya NAM pointi 2. Kwenye kada yenye foleni pointi 2 zinakupitisha mbele ya watu wengi. Kama cheti ni cha nyumbani kapeleke kwa ESO, afisa wa elimu na mitihani, umuulize kinahitaji tathmini gani, na kabla ya mtihani hakikisha kila kitu kimeingia kwenye karatasi yako ya pointi ndo usaini.

Binti_Stoo
Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili. Grupu nimetoka. Nina digrii ya Tanzania na sijawahi kuipeleka kokote, nilidhani huku haina kazi, kesho naenda kwa ESO.

Profaili nimeifungua, sikuwahi kuiangalia vizuri. Sehemu ya stoo nimewazidi watu 81 kati ya 100. Posta nimewazidi 9. Tisa! Misimu yote hii nilikuwa narudia kusoma stoo kwa sababu ndo naipenda.

Nimeongea na kaka wa posta hapa melini, kasema magunia yakiingia niende nikae naye anionyeshe rejista, kila mkono unaopokea unasaini mpaka kwa mwenye barua. Nitaenda na kitabu, kila akifanya hatua nitafungua ukurasa wake nione. Mzee wangu, nikikwama naomba nikuandikie pembeni.

Mzee_wa_Gati
Andika muda wowote mwanangu. Anza na rejista, na mtihani wa Septemba hauko mbali.