Vidukari wamejaa kwenye pilipili na maharage, naomba njia isiyo ya dawa za viwandani

BintiShamba
Wakuu habari zenu. Nina kibustani nyuma ya nyumba, kina pilipili na maharage. Machipukizi ya pilipili yamejikunja, na nikigeuza jani nakuta vidukari wa kijani (wengine huwaita wadudu mafuta) wamejazana hadi mshipa wa jani hauonekani. Majani ya chini yananata na yameanza kuota ukungu mweusi. Sisimizi nao wanapanda na kushuka kutwa nzima. Mboga hizi wanakula watoto, sitaki sumu. Nimeambiwa majivu, tumbaku, sabuni, mwarobaini. Kipi kinafanya kazi kweli?

MzeeWaJembe
Pole binti. Anza na maji. Shika tawi kwa mkono mmoja usije ukalivunja, kisha piga maji ya nguvu upande wa chini wa majani. Fanya asubuhi ili yakauke mapema. Vidukari wengi wakishaanguka hawawezi kurudi juu. Machipukizi yaliyojikunja kabisa yakate, maana maji hayafiki ndani. Na usiridhike na kuosha mara moja. Jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai, na kukiwa na joto mtoto huyo naye anaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi.

Mama_Mchicha
Shikamoo mzee, naongezea hapo. Sabuni inafanya kazi ukiitumia vizuri. Chukua sabuni ya maji ya kawaida, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga achana nayo, inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, ngoja hadi kesho yake, kisha piga jioni. Inamuua mdudu iliyemgusa tu, ikishakauka kazi imekwisha, kwa hiyo ukinyunyizia juu ya jani tu umejichosha bure.

Tumbaku hapana kabisa! Nikotini ni sumu inayopenya hata kwenye ngozi yako, na tumbaku yenyewe inaweza kuleta virusi vya batobato kwenye pilipili na nyanya. Majivu mvua ikinyesha yameondoka.

FundiBustani
Dada, mbona sisimizi wamesahaulika? Hao wanakunywa majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari, ndiyo hayo yananata, na wanawafukuza wadudu wanaokuja kuwala. Zungushia shina tepu, upake mafuta mazito ya mgando juu ya tepu, si kwenye shina. Tawi lolote linalogusa ukuta au mmea wa jirani lipunguze, la sivyo watapitia huko.

Halafu kabla ya kupiga chochote, kagua. Ukiona kidudu cheusi chenye umbo la mamba mdogo na madoa ya rangi ya chungwa, usikiue! Huyo ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, anakula vidukari kuliko unavyodhani. Tafuta pia vidukari waliovimba, wamekuwa kahawia na hawatikisiki. Nyigu mdogo sana ametaga ndani yao. Ukiona tundu la duara mgongoni, nyigu mpya ameshatoka.

BintiShamba
Nimetoka kukagua sasa hivi. Kwenye maharage hao mamba wapo, na vidukari wa kahawia wenye matundu pia. Kwenye pilipili ni sisimizi tu. Je, nipige sabuni kote? Na samadi niendelee kuweka?

FundiBustani
Maharage yaache kama yalivyo, wenye kazi wameshafika. Pilipili weka tepu kwanza, osha kwa maji, kisha sabuni jioni, urudie baada ya siku 4 au 5. Samadi pumzisha kidogo. Nitrojeni, kile kirutubisho cha kwenye samadi kinachokuza majani, ikizidi mmea unatoa machipukizi laini, na vidukari wanayapenda hayo.

Mama_Mchicha
Mwarobaini uwe akiba, sabuni ikishindwa. Hauui papo hapo, unawavuruga wasikue na kujivua gamba, na jua linaudhoofisha ndani ya siku chache, kwa hiyo nao ni wa jioni. Ukungu mweusi ufute kwa kitambaa chenye maji. Ila mmea uliodumaa, wenye mabaka ya njano na kijani kwenye majani, huo una virusi. Hakuna dawa hapo, ung'oe kabla vidukari hawajavipeleka kwenye mingine.

BintiShamba
Upo mmoja pembeni uko hivyo hivyo, nilidhani umekosa maji. Naung'oa leo, na tepu naiweka jioni hii. Asanteni sana.